Jina Moja kwa Kila Nyumba

Mvua ilikatika asubuhi, ila maji hayakuwa na habari hiyo. Yaliendelea kushuka kutoka milimani, yakajaza mito, mito ikamwaga ziwani, na ziwa lililokuwa limeshiba tangu mwezi uliopita likayarudisha kwa watu. Upande wa kaskazini, pale mto Ruzizi unapoingia ziwani, nyumba zilisimama ndani ya maji kama ng'ombe waliokwenda kunywa wakasahau kutoka. Barabara ilikatika. Ikabaki njia moja tu, boti.

Sumaya alikaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, ufukoni Uvira, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo za kibanda cha wauza ndagala, yaani dagaa. Magotini alikuwa na kompyuta, na juu ya kompyuta alikuwa ametandaza mfuko wa nailoni ili matone yasiingie. Kwao walikuwa wafanyabiashara wa ziwa tangu zamani za mababu. Yeye aliacha biashara akasoma mambo ya kompyuta hapo hapo mjini, na chama cha wenye boti kilipotafuta mtu wa kuwatengenezea ukurasa wa kuandikisha watu wa mafuriko, walimwita yeye. Aliutengeneza peke yake, haraka haraka, huku maji yakipanda.

Kazi ya ukurasa huo ilikuwa rahisi kueleza. Mtu aliyezungukwa na maji anaufungua kwenye simu yake. Anaandika jina la kwanza, anabonyeza alama ya kuongeza, kisanduku kingine kinafunguka, anaandika jina la pili, hivyo hivyo mpaka watu wa nyumba waishe, halafu anatuma. Majina yanafika kwenye seva, yaani ile kompyuta ya kupokea, na kutoka hapo yanatokea kwenye simu ya kapiteni wa boti. Kapiteni akifika mlangoni anaita. Watu wakishuka Uvira, Sumaya naye anaita. Asiyeitika ndiye aliyebaki kule, na boti inarudi kumtafuta.

Kuita kwa jina halikuwa jambo la urembo. Upande ule, kwa miaka yote hii ya bunduki, mtoto anafundishwa kabla hajajua hata kufunga viatu: ukisikia mtu mlangoni, nyamaza mpaka aseme jina lako. Mwenye nia mbaya atasema fungua. Aliyetumwa na wazazi wako atakuita jina.

Boti ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imefika. Kapiteni Kasongo, mtu mwembamba mwenye koti la mvua la njano, alisaidia wazee kushuka, kisha akatazama mawingu yaliyokuwa yakijipanga upande wa Burundi.

"Ita bantu yako mbio," alimwambia Sumaya. "Upepo unakuja. Kama bote beko, minye napandisha moteri."

Sumaya akasoma kwenye kioo. "Ayoubu."

Mtoto mdogo aliyevaa sweta ya kaka yake aliinua mkono. Nyuma yake babu yake, mzee Chabani mwenye duka la nguo kule kwenye mafuriko, alivuta kofia yake ikakaa sawa.

"Weye Sumaya," alisema, "minye niko hapa na ndevu nyeupe, mama mwenye nyumba iko hapa, batoto bangu beko hapa, na mashine yako inaita Ayoubu? Huyu ata meno hayajatimia."

Watu wakacheka, kicheko cha waliochoka.

"Si minye, baba Chabani. Ni mashine."

"Basi ifundishe heshima. Minye niliandika jina yangu mbele ya bote."

"Georgette," Sumaya akaendelea. Mama mmoja, mkulima wa mihogo kutoka Mutarule, aliinua kichanga kilichofungwa kwenye kitenge. Watu wakacheka tena. Mwingine akasema labda mashine hiyo imezaliwa juzi, inawaita wenzake.

"Keza."

Karibu na jiko la Bibiche, muuza chai, mwanamke mrefu wa watu wa milimani aliinua mkono taratibu. Aliitwa Nyirabahizi. Alikuwa ameshuka kutoka Rurambo na familia yake miezi kadhaa iliyopita, mumewe Semana akabaki juu na ng'ombe. Mikononi alikuwa na mtoto wa wiki chache, na aliketi akiegemea upande mmoja, kwa sababu huyo mtoto alitolewa kwa kupasuliwa na kidonda kilikuwa bado kinavuta. Ndiyo maana alipakiwa boti ya kwanza, na kwa maumivu hakusikia Keza alipoitwa mara ile, jina likabaki kwenye orodha.

Majina yakaisha. Yote yaliitikiwa. Kwenye kioo maneno ya kijani yakatokea: Wote wamefika. Sumaya akashusha pumzi, akamwonyesha Kasongo kidole gumba, na Kasongo akaanza kufungua skrubu za moteri.

Bibiche alimimina chai, akaipeleka kwa yule mwanamke wa milimani aliyekuwa akimuuzia maziwa kila wiki.

"Mama Manzi, kunywa. Weye unatetemeka."

Sumaya alisikia, akaendelea kukunja mfuko wake wa nailoni. Kisha mikono ikasimama yenyewe. Mama Manzi. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na yeye hakuwa ameita Manzi yeyote. Alifungua kompyuta tena, akatafuta hilo jina kwenye orodha yote, ya boti ya kwanza na ya pili. Halikuwemo.

Alisimama.

"Mama," alisema, akachuchumaa mbele ya Nyirabahizi, "Manzi yuko wapi?"

"Anakuja na boti ya pili," Nyirabahizi alijibu kwa sauti ya chini. "Anakuja na Akaliza. Bale ba boti ya kwanza balisema, mwenye mtoto mchanga atangulie, bakubwa batafuata. Nilibaweka mu kanisa, juu ya meza ya mbele. Nangojea."

"Boti ya pili ni hii."

Nyirabahizi aliitazama boti, akawatazama watu walioshuka, mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wao angeweza kugeuka akawa mtoto wake.

"Hii? Minye nilifikiri ni boti ya bantu ba Mutarule. Ulikuwa unaita, lakini si ulikuwa unaita benye kufika? Batoto bangu hawajafika, njo maana haukubaita." Alimshika Sumaya mkono. "Niliwaandika. Naapa niliwaandika. Manzi, halafu Akaliza, halafu huyu."

Sumaya alimgeukia Kasongo. "Kapiteni, ulipita kwenye kanisa?"

"Nilipita. Maji ilikuwa mu madirisha. Niliita Keza, Keza, Keza, mpaka koo ikauma. Hakuna muntu aliitika. Nikajua nyumba ile imetoka."

Nyirabahizi alifunika mdomo kwa kitenge. Alipozungumza tena, Sumaya ilibidi ainame ili amsikie.

"Baliona Keza anaondoka na minye. Halafu muntu hawamujui anakuja, anaita mtoto ambaye haiko mule. Niliwaambia basitoke mpaka basikie majina yao. Sasa batajificha zaidi. Maji ikipanda, batajificha tu."

Hakuna aliyecheka tena chini ya turubai. Mzee Chabani alimshika Ayoubu kichwani, akasema polepole, kama anayejisemea, "Yule mtoto nilimwandika mwisho."

Hapo ndipo Sumaya alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia hofu kuliko kutojua. Ayoubu, Georgette, Keza. Watu wa hapa wakiandika nyumba wanaanza na mkubwa, wanashuka mpaka mdogo. Wote aliowaita siku nzima walikuwa vitinda mimba. Kila nyumba ilituma majina yake yote, na kila nyumba ilibakiwa na moja, la mwisho.

Aliketi juu ya kreti, akafungua sehemu inayopokea ya msimbo, yaani maagizo aliyoiandikia mashine. Kivinjari cha kwenye simu hakikukosea. Kilikuwa kimetuma kila kitu, jina baada ya jina, na kila moja limefungiwa lebo ileile iliyoandikwa "jina", kama mikungu ya ndizi iliyotiwa alama moja ya mwenye shamba. Kosa lilikuwa kwenye mapokezi. Mstari aliouandika yeye mwenyewe uliiambia seva: nipe thamani ya "jina". Haukusema nipe zote. Na seva ikiulizwa hivyo, na mbele yake kuna nyingi zenye lebo moja, inatoa ya mwisho na kunyamaza. Haipigi kelele, wala haitoi onyo lolote. Kisha mstari uliofuata ulihifadhi hilo moja, na mengine yakaanguka mahali ambapo hakuna wa kuyaokota.

Alikuwa ameujaribu ukurasa kabla ya kuutoa. Aliandika "Sumaya", akatuma, likafika, akafurahi, akalala.

Na palikuwa na kitu ambacho kingemkamata mapema. Mwanzoni ukurasa uliuliza pia: mko wangapi? Nyumba ambayo idadi na majina havilingani ingeonekana palepale. Lakini watu waliotoka milimani waliacha kisanduku hicho kitupu, na ukurasa ukawakatalia. Safi, bibi yake, ndiye aliyemweleza jioni moja, huku akichagua maharage: wale hawahesabu watoto. Mtoto hapewi namba kama mfuko wa maharage, namba inaita baya ambalo lilikuwa bado halijamwona. Waulize majina, watakupa yote, lakini usiwaulize wangapi. Sumaya aliona ni neno la adabu, akakiondoa kisanduku. Lilikuwa neno la adabu kweli. Ila baada ya hapo hakuna chochote, si kwenye mashine wala kwenye vinywa vya watu, kilichobaki cha kujua kwamba nyumba moja ina zaidi ya jina moja.

"Kapiteni, usipandishe moteri," alisema. "Tunarudi."

"Kurudi kwa nani?" Kasongo alikuwa na hofu naye, na hofu yake ilitoka kama hasira. "Mafuta iko ya kwenda na kurudi mara moja. Upepo ukitukuta mu mdomo wa Ruzizi, itakuwa sisi benye kutafutwa. Nikirudi, narudi na majina yote ya bantu bote. Siendi kuchukua bawili, halafu unanipigia simu kuko wengine."

Alisema kweli. Watu wa boti ya kwanza walikwisha kutawanyika mjini kwa ndugu zao, na Sumaya hakujua ni nani kati yao aliyekuwa naye akingoja boti ambayo haikuwa inakuja.

Aliubadilisha mstari. Lilikuwa badiliko la neno moja: badala ya kuomba thamani, aliomba orodha ya thamani zote zenye lebo hiyo, kisha akaongeza mstari wa kuzipitia moja moja na kuhifadhi kila moja. Alikosea alama, mashine ikakataa, akasahihisha huku akisikia mawimbi yakigonga ubavu wa boti kwa nguvu kuliko mwanzo. Safari hii alijaribu na nyumba yao nzima, bibi Safi mbele na yeye mwisho. Yakatokea yote. Akatuma ujumbe kwa kila simu iliyowahi kujiandikisha: Tafadhali andikeni upya watu wote wa nyumba, mkubwa mpaka mdogo, na mseme nani hamko naye.

Rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuwa inakuja na kuondoka. Majibu yalianza kudondoka. Nyumba moja, wote wako pamoja. Nyingine, wote wako pamoja. Kila simu ilipotetemeka Sumaya alifumba macho kidogo kabla ya kusoma. Mzee Chabani aliandika ya kwake kwa kidole kimoja, akaonyesha, akasema, "Sasa imeanza na minye," lakini hakuwa anatania.

Nyirabahizi aliandika wa mwisho, kwa simu ya Bibiche, maana yake ilikuwa imezimika. Sumaya alitazama kwenye kompyuta. Manzi. Akaliza. Keza. Sumaya hakuyahesabu kwa sauti. Nyumba zote zikawa zimejibu, na waliokosekana walikuwa hao wa kanisani.

"Nakwenda na kapiteni," alisema Sumaya. "Sauti ya Kasongo wameshaiogopa."

Nyirabahizi alijaribu kuinuka, uso ukajikunja kwa maumivu, na Bibiche akamshika mabegani akamkalisha. Hakubishana. Alimvuta Sumaya kwa mkono mpaka sikio likafika karibu na mdomo wake.

"Usiseme batoto. Kila muntu anaweza kusema batoto. Ita Manzi, ngoja. Halafu ita Akaliza. Usimwite Keza."

Boti iliondoka ufukoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na yalibeba vitu vya watu: beseni, mlango, mgomba mzima na mizizi yake. Upepo uliwafikia kabla hawajafika, ukaanza kuwasukuma pembeni. Sumaya alishika kingo kwa mikono miwili na kurudia majina yale kimoyomoyo, akiogopa, kwa namna isiyo na akili yoyote, kwamba na yeye angefika pale akakumbuka la mwisho tu.

Paa la bati la kanisa lilitokea kati ya miti. Madirisha hayakuonekana tena, isipokuwa ukingo wa juu. Kasongo alizima moteri, akasukuma kwa mti mrefu mpaka ubavu wa boti ukagusa ukuta.

"Manzi," Sumaya aliita.

Maji yaligonga ukuta kwa ndani. Aliyasikia yakizunguka mule, kama mtu anayesogeza viti.

"Manzi."

Wimbi lilisukuma boti, ikagonga ukuta tena.

"Pengine..." Kasongo alianza.

"Ngoja." Sumaya aliweka kiganja kwenye bati lenye baridi. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na aliogopa kwamba mtoto akisikia sauti inayotetemeka ataiona kuwa ya uongo. "Akaliza."

Kitu kilisogea juu, chini ya bati, karibu kabisa na mkono wake.

"Ita ile ya kwanza tena," ilisema sauti ya msichana.

"Manzi."

"Weye ni nani?" Hii ilikuwa ya mvulana, ya ukali wa kulazimisha.

"Minye ni Sumaya. Mama yenu alinituma. Amekaa kwa Bibiche, anakunywa chai, ile ya tangawizi."

Ndani walinong'onezana. Kisha mkono mmoja mwembamba ukatoka kwenye nafasi kati ya ukuta na bati, ukifuatwa na kichwa chenye utando wa buibui. Walikuwa wamepanda juu ya boriti za paa maji yalipoifunika meza. Kasongo alilibandua bati kwa nguvu zake zote mpaka misumari ikalia. Akaliza alitoka kwanza, akamkumbatia Sumaya shingoni, mwili wote baridi. Manzi hakutoka.

"Njoo, mwanangu. Upepo huu haungoji."

"Iko mwengine," alisema Manzi. "Haumuite?"

Sumaya alitazama simu. Nyumba zote zilikuwa zimejibu. Hakukuwa na jina lililobaki.

"Nani?"

"Kokoo Bernardine, ule bibi muzee. Aliingia wakati wa mvua, mama alishaenda. Tulimupandisha hapa. Anasema hawezi kutoka, hakuandikwa."

Sumaya aliingiza kichwa. Kwenye giza la chini ya bati aliona kwanza macho, halafu kitambaa cha kichwa, halafu kikongwe kilichojikunja juu ya boriti, mikono imeshika mti kama mtoto anayeshika mguu wa mama. Hakuwa na simu. Hakuwa na nyumba ambayo mtu angeiandika. Alikuwa amesikia boti ya kwanza ikiita, na ya pili, na sasa hii, na mara zote alingoja.

"Mama Bernardine," Sumaya aliita.

"Abe," alijibu bibi yule, upesi, kama aliyekuwa na jibu hilo mdomoni tangu asubuhi.

Iliwachukua muda kumshusha. Walipokaa wote, Manzi kwenye sakafu ya boti na Akaliza mapajani kwa Sumaya, Kasongo alivuta kamba ya moteri, ikaunguruma, akageuza pua kuelekea Uvira. Mawimbi yalianza kurukia ndani. Manzi alichota maji kwa kopo bila kuambiwa.

Walipita nyumba ya kwanza, imezama mpaka juu ya mlango. Walipita ya pili. Sumaya alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu kulikuwa na majina ya watu wote, kamili, kila nyumba mkubwa mpaka mdogo, na kila jina limeitikiwa. Aliyatazama maneno yale ya kijani, Wote wamefika, na Bernardine hakuwemo kati ya majina hayo. Aliogopa kuliko alivyoogopa yalipokuwa ya uongo.

"Kapiteni, zima kidogo."

"Sumaya. Upepo."

"Zima."

Kasongo alimtazama, akatazama ziwa, akamtazama bibi Bernardine aliyekuwa akitetemeka ndani ya koti la njano alilomvika. Akazima.

Sumaya alisimama akiwa ameshika bega la Manzi. "Ni nani sijamwita?" aliuliza zile kuta. Upepo ukayachukua maneno. Alingoja kama Nyirabahizi alivyomwagiza angoje, mpaka boti ikaanza kugeuka yenyewe ubavu kwa mawimbi, na hakuna aliyejibu, na hakuweza kujua kama ni kwa sababu hakuna mtu.

Kasongo akaisukuma boti kwa mti mpaka nyumba iliyofuata, na Sumaya akauliza tena.